Mzee Tuliyemwamkia Ndani ya Miwani

Kama umeambiwa leo kwamba una kifua kikuu sugu, na umekaa kwenye benchi hujui umwambie nani kwanza, nakuandikia wewe. Mimi si mtaalamu. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mama alipofariki mwaka mmoja baada ya baba, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na Ezekia wa miaka saba na Lusia aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Habari za dawa waulize wanaozijua. Mimi nitakueleza jinsi miezi ile inavyokwenda, na jinsi nilivyokaribia kuikatisha njiani.

Nauza chumvi Tunduma. Kila kiangazi nakwenda Ivuna kuinunua kwa wanaoichemsha, naileta kwa magunia, naipima kwa kopo kibandani kwangu. Kikohozi kilinianza wakati wa mvua, nikasema ni moshi wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nilikunywa tangawizi, nikanywa dawa za dukani, nikakonda hadi sketi nikawa naishikiza kwa pini. Aliyenipeleka hospitali ni Ezekia, ambaye sasa ana miaka kumi na saba. Hakunibembeleza. Alikifunga kibanda kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akasema, "Leo huuzi, dada. Twende."

Benchi letu lilikuwa nje, chini ya bati, ili upepo upite. Utalitambua kwa sababu watu wanakaa wakiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na mwenye kukohoa anageukia ukutani kama aliyefanya kosa. Nililikalia siku nyingi, maana makohozi yangu yalipimwa pale, kisha yakapelekwa kupimwa tena mbali. Siku ya majibu Sista Edina, muuguzi wa wodi yetu, aliniita pembeni.

"Ni miezi tisa," alisema. "Vidonge utavimeza mbele yangu kila siku. Na mwanzoni utalala hapahapa, mpaka makohozi yawe safi."

"Sista, nina watoto nyumbani."

"Wa kwako?"

"Wa mama yangu."

Aliniangalia, akaandika kitu, hakuuliza zaidi. Wadogo zangu walipimwa wiki ileile, wakakutwa salama. Nakuambia hilo mapema kwa sababu najua ndilo linalokuchoma.

Nilipewa chumba cha peke yangu chenye madirisha makubwa yasiyofungwa. Wiki za kwanza nilitapika hata kwa harufu ya uji. Baadaye nilijifunza kula kiazi kimoja kabla ya vidonge, kikatulia. Ngozi ilianza kuwa nyeusi, usoni kwanza, halafu mikononi. Miguu ikawa inawaka moto chini ya nyayo, nikawa naiweka kwenye sakafu ya saruji kuipoza. Kioo nilikigeuza kikatazama ukuta. Tarehe niliziacha, nikahesabu kwa vikombe, maana kila mwezi unapewa kikombe kidogo cha kutemea makohozi. Kikombe cha kwanza hakikuwa safi. Cha pili pia hakikuwa safi.

Baridi ya Juni ilipoingia walikuja watu wa chuo kikuu na miwani ya mradi wao. Sisemi miwani ya kusomea. Ni kama boksi jeusi linalofungwa usoni kwa mkanda, na mikononi unashika vishikio viwili. Ukishaivaa, chumba chako kinapotea. Unajikuta kwenye sebule kubwa yenye viti vya mbao na dirisha linaloonyesha ziwa, na wenzako wamo. Kila mmoja yuko hospitali yake, peke yake kitandani, lakini mle mmekaa pamoja. Ukigeuka, unamwona aliye kushoto kwako. Akiinua mkono, unauona mkono. Na hakuna barakoa. Nilikuwa sijaona mdomo wa mtu ukicheka kwa wiki saba, na ingawa ile ilikuwa midomo ya kuchorwa tu, siku ya kwanza niliikodolea macho kama mtoto.

Mradi ulikataza kutaja majina na vijiji, kwa sababu ugonjwa wetu unasemwa vibaya mitaani. Mimi nilijiita Chumvi. Mwingine alijiita Turubai, dereva wa lori aliyeugulia safarini. Wa tatu hakuwa amechagua jina, juu ya kichwa chake paliandikwa "Mgeni 3". Shida ilianza hapohapo. Wote tulikuwa na sura moja ya ujana, kama watu wa kwenye tangazo la sabuni. Sasa nani amwamkie nani?

"Jamani, nisaidieni," Turubai alisema. "Hapa mkubwa nani? Mimi nina miaka arobaini na mbili na watoto watano. Ambaye hajafika hapo aniamkie."

"Shikamoo, Turubai," nikasema.

"Marahaba. Na wewe wa pembeni?"

Ikatoka sauti nzito iliyokwaruza, kama gunia linaloburutwa sakafuni. "Mimi nipo."

"Aa! Shikamoo, mzee! Nisamehe, sikujua."

Mkono wake ukapanda kifuani, ukashuka. Kisha ile sauti ikasema, "Marahaba."

Mimi ni Mnamwanga. Kwetu mwanamke hamwamkii mzee akiwa amesimama. Nilishuka kitandani, nikapiga magoti kwenye saruji, nikapiga makofi ya heshima, vishikio vikagongana ta, ta, ta. Sikujua kwamba mle ndani hatuna miguu. Ni kichwa, kifua na mikono tu. Nilipopiga magoti, wenzangu waliniona nazama sakafuni hadi kidevuni.

"Sista!" Turubai alipiga kelele kule aliko. "Sista, Chumvi kaanguka! Chumvi anakufa huku!"

Muuguzi wake akampigia Sista Edina, naye akaja mbio, akanikuta nimepiga magoti na boksi usoni nikisema, "Shikamoo, babu." Alicheka mpaka akaegemea mlango.

Tulikutana kila Jumanne na Ijumaa. Sebule ile ilikuwa na mpira wa kurushiana, lakini sisi tulizungumza tu. Turubai alisimulia mizani na foleni za mpakani, na maafisa wanaojifanya hawakijui Kiswahili. Mtandao ulikatika mara kwa mara, mtu akaganda mikono ikiwa hewani kisha akapotea katikati ya neno. Hilo lilituuma, kwa sababu kwenye wodi zetu kupotea kwa mtu kuna maana nyingine. Kwa hiyo tukaweka utaratibu wetu, tukawa tunaagana mwanzoni. Ukiingia, unasalimia, unawaaga wote, ndipo mazungumzo yanaanza. Hata ukikatika, umeshaaga.

Babu alisema machache. Alikuwa anapeleka mkono kifuani, chini ya kwapa, kama anayekandamiza maumivu ya mbavu, nasi tulielewa, kila mmoja alikuwa na mbavu zake. Lakini alisikiliza. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita mimi ndiye ninayeulizwa. Dada, tule nini. Dada, sare imechanika. Sikuwa na mtu wa kumuuliza mimi. Sasa nikawa naye. Nilimweleza Babu mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu, hata kwamba siku ya kumzika mama nilimkasirikia.

Mwishoni mwa Juni Ezekia alipiga simu. Baba Mdogo, mdogo wake baba aliyehamia Itaka kulima kahawa, alikuwa ameamua kuitisha kikao cha ukoo baada ya mavuno. Ezekia angechukuliwa Itaka, Lusia angepelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, Nakonde. "Anasema nyumba haiwezi kukaa na watoto wawili na mgonjwa," Ezekia alisema. "Dada, Lusia hajala tangu jana."

Siku hiyo nilifunga furushi. Nguo mbili, sufuria, Biblia. Niliamua Ijumaa nitawaaga wenzangu, Jumamosi nitatoka getini wakati wa kubadilishana zamu.

Ijumaa nilimwambia Babu. Akauliza, "Ukitoka, utawapelekea nini?"

"Nitakuwepo, babu."

"Kikombe chako cha pili kilikuwa safi?"

"Hapana."

"Basi utawapelekea hicho. Kaa. Nakukataza kutoka."

Miaka kumi hakuna mtu aliyenikataza kitu. Nililia ndani ya ile miwani hadi vioo vikaingia ukungu. Kisha nikalifungua furushi.

Julai shule zikiwa zimefungwa, Lusia aliletwa kunitembelea. Wageni walikaa kwenye kibanda cha nje, mbali na madirisha yetu, tukipungiana mikono. Sista Edina akapata wazo. Alimfutia miwani ya akiba, akamvalisha palepale kibandani, mimi nikavaa yangu chumbani. Lusia akatokea sebuleni karibu nami, ana sura ileile ya tangazo la sabuni, lakini anainamisha kichwa kushoto kama anavyofanya tangu mdogo.

"Dada! Mbona huna miguu?"

"Na wewe huna. Mwamkie babu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Tulikaa nusu saa. Alinieleza shule, kuku, na jinsi Ezekia anavyounguza ugali. Alipotoka alikuja kusimama mbele ya dirisha langu kwa mbali, barakoa usoni, mikono kinywani kama kipaza sauti.

"Dada! Yule siyo babu!"

"Nini?"

"Anafunga kanga! Mara nne nimeona! Akicheka anaifunga tena, hivi!" Akapeleka mkono chini ya kwapa, akapindua vidole, akachomeka. Akarudia. Wanawake wawili kwenye kibanda cha wageni wakamtazama, na mmoja wao, bila kujua, akaishika ya kwake.

Nilikaa kitandani. Wiki sita nilikuwa nautazama mkono ule nikidhani ni maumivu ya mbavu.

Ijumaa iliyofuata Turubai alikuwa amepelekwa kupima moyo, nikamkuta Babu peke yake. Sikuamkia.

"Chumvi, habari za tangu juzi?"

"Una miaka mingapi?"

Mikono yake ikashuka. "Sista amekwambia?"

"Ameniambia mdogo wangu, wa darasa la sita. Umefunga kanga mara nne mbele yake."

Alianza kucheka, kicheko kibaya cha koo lile, na kabla hakijaisha kikawa kilio. "Ishirini na moja," alisema. "Naitwa Yustina. Kwetu Ivuna. Huenda chumvi yako umeinunua kwa mama yangu. Ugonjwa umenishika kooni, ndiyo sauti imekuwa hivi."

"Kwa nini uliitikia?"

"Tangu niugue hakuna anayenisalimia. Mume wangu alinirudisha kwetu, na kwetu wakanipa kibanda cha peke yangu, chakula wanasukuma kwa mti. Halafu mtu mzima mwenye watoto watano ananiambia shikamoo, mzee. Nilijua amekosea. Nikasema nitaitikia mara moja tu."

"Ukaitikia wiki sita."

"Nikaitikia wiki sita, dada."

"Nilikutii! Nilifungua furushi langu kwa sababu yako. Mtoto mdogo, umenikataza kama baba yangu, na watoto wangu wanagawanywa!"

"Hata mimi langu lilikuwa limefungwa," alisema polepole. "Siku ileile. Nilipokukataza wewe, niliona aibu kulala nalo. Nikalifungua."

Nilivua miwani bila kuaga.

Siku tatu sikusema na mtu. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira nilikuwa na ukiwa mpya, kwa sababu babu yangu alikuwa amekufa bila kuzikwa. Furushi nilililaza tena kitandani. Lakini kila nilipokunja nguo nilirudi kwenye yale maneno yake kuyatafutia ubovu, na sikuuona. Ukitoka, utawapelekea nini? Jibu lilikuwa lilelile, awe ameuliza mzee au binti wa Ivuna. Jumatatu Sista Edina aliingia na karatasi mkononi. Kikombe cha tatu kilikuwa safi.

Jumanne niliingia sebuleni. Turubai alikuwa ameshajua, maana Yustina alimwambia mwenyewe. Alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Nimemwamkia mtoto wiki sita! Na mke wangu nilimpa salamu za huyu mzee!"

"Hujambo, Yustina," nikasema.

"Sijambo, dada. Shikamoo."

Yakaishia hapo. Tuliendelea.

Agosti, kahawa ikiwa inamalizika shambani, Baba Mdogo alituma ujumbe kwamba atakuja hospitali kunieleza kabla ya kikao. Nilijua anakuja kuniambia jambo lililokwisha kuamuliwa. Yustina akapata mpango.

"Dada, atakapovaa miwani, niache niseme naye. Nitasema mimi ni mzee wa kwetu Momba. Ataniamkia, atanisikia."

"Wazo hilo!" Turubai akapiga makofi yasiyo na sauti. "Mpe babu akusemee!"

Sitakudanganya, nililifikiria siku nzima. Lingefanya kazi. Baba Mdogo hawezi kumbishia mzee. Lakini nilijiona nimerudi nyumbani, wadogo zangu wamebaki kwa sababu ya mzee ambaye hayupo, na mimi kila Baba Mdogo akija naogopa atauliza habari zake. Nilimwambia Yustina akae, ila asiseme.

Baba Mdogo alikuja na kofia yake ya kanisani. Miezi minne alikuwa anafika getini tu, anaacha ndizi, anaondoka. Sista Edina alimkalisha kibandani. Nilisikia kwa mbali wakibishana kama kofia ivuliwe au miwani ipite juu yake. Kisha akatokea sebuleni, kijana wa tangazo la sabuni, mikono yake imeshika hewa. Alikuwa ameshika nguzo ya kibanda.

"Namfukwe?" aliita. Ndilo jina la ukoo la mabinti wa kwetu. "Uko wapi? Naona vijana tu hapa."

"Ni mimi, Baba Mdogo. Niko kushoto kwako."

Aligeuka, akanisogelea. Mtu ambaye miezi minne hakupita getini alisogea mpaka uso wake ukakaribia kuingia ndani ya wangu, kwa sababu hakujua umbali wa mle. Nilimsikia akipumua.

"Umenenepa," alisema.

"Hiyo ni picha, Baba Mdogo."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe nimekuwa mweusi kama sufuria, na miguu inawaka moto. Lakini kikombe cha tatu kilikuwa safi, na cha nne majibu yametoka leo. Ni safi. Siambukizi tena. Mwezi ujao natoka, dawa namalizia nyumbani."

Mkono wake mmoja uliachia nguzo.

"Mimi nilidhani nimekuja kukuaga," alisema. "Kaka alipokufa nilichelewa. Nilikaa, nikasema mama yao yupo. Mama naye akaenda, nikakuta wewe umeshaacha shule na una mtoto mgongoni. Nilisema safari hii sitachelewa."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yakaisha palepale. "Hujachelewa," nikasema. "Niachie watoto mpaka nimalize dawa, mvua zikiwa zimeshika. Ezekia atakuja kwako likizo, akusaidie shamba. Nikishindwa, nitawaleta mwenyewe, wote wawili, kwa mkono wangu."

Kisha akamgeukia Yustina. "Na huyu aliyenyamaza ni nani?"

Nilisikia Turubai akivuta pumzi. Palikuwa na nafasi ya neno moja tu, na sauti ile nzito ilikuwa tayari.

"Mimi ni mgonjwa mwenzake, baba," Yustina alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hilo koo linauma?"

"Linapona."

"Basi mpone," alisema. Na kwangu, "Kikao nitakisogeza. Mpaka mvua."

Septemba nilitoka. Dawa nilizimeza kituo cha afya cha mtaani kwetu kila asubuhi, na nyayo zikaanza kutulia mahindi yalipochipua. Yustina naye alitoka mwezi mmoja baadaye. Sauti yake imerudi, nyembamba na ya haraka, na kwenye simu mara nyingi anajitambulisha mara mbili ndipo nimjue. Hakurudi kwa mume. Anachemsha chumvi na mama yake.

Nikuambie na jambo moja kuhusu kurudi. Utadhani nyumba imekusubiri. Mimi nilikuta nyumba inakwenda. Ukutani, kwenye upande wa nyuma wa kalenda ya zamani, Lusia alikuwa ameandika zamu za wiki, maji, kupika, kufungua kibanda. Ilikuwa Ezekia, Lusia, Ezekia, Lusia, mpaka Jumapili. Jina langu halikuwemo. Nilisimama pale na begi langu, nikahisi kama nimefutwa. Nikaomba kalamu.

"Hapana," Lusia alisema, akaificha mgongoni. "Wewe bado unameza dawa."

"Mimi ni dada yenu."

"Ndiyo. Kaa."

Nikakaa. Ezekia akaniletea chakula. Ugali wake ulikuwa haujaungua.

Niliandikiwa nimepona Januari, mvua ikinyesha bila kukoma, na Baba Mdogo aliposikia kwenye simu alipiga vigelegele kama mwanamke. Watoto wako hapa, wote wawili, na hakuna kikao kilichokaa. Jana asubuhi nilikuta zamu mpya ukutani. Nimeandikwa Jumatatu, maji, na Alhamisi kupika. Siku zilizobaki ni zao.